Mali Bila Daftari: Funzo la Viwanja vya Florida

Ndugu wasikilizaji, wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakimwonya mwenye duka asiyeandika mauzo na madeni yake. Juma hili methali hiyo naitaka kwa biashara nyingine, nayo ni biashara ya ardhi na majumba, na hasa kwa wale wanaoifanya bila leseni wala kibali, watu ambao majina yao hayamo katika daftari lolote.

Wengi wetu tukisikia neno leseni, fikra inakwenda moja kwa moja kwenye ushuru. Tunaona ni karatasi ya kuipatia serikali fedha na kumpotezea mwananchi muda kwenye foleni. Dalali akituambia kuwa mambo ya leseni ni urasimu mtupu, na kwamba yeye anajulikana mtaa mzima, tunatikisa kichwa kukubali. Kisha tunamkabidhi akiba ya miaka kumi. Mtu huyo huyo anayemkagua fundi cherehani kabla ya kumpa kitambaa cha mita tatu hamuulizi muuza kiwanja hata swali moja.

Basi hebu tujiulize: karatasi ile ina kazi gani hasa? Ni kweli kwamba muuzaji mwaminifu haihitaji, na tapeli haimzuii? Ili tulijibu swali hili vizuri, twende mbali kidogo, katika jimbo la Florida nchini Marekani. Huko, katika muda wa miaka ishirini hivi, walifikishwa mahakamani wauzaji wawili wa ardhi. Mmoja aliuza ardhi ya kinamasi, mwingine aliuza mashamba ya michungwa yenye rutuba. Mmoja alikuwa mwizi aliyekwisha kufungwa, mwingine alikuwa kampuni yenye heshima. Lakini kosa lililowapeleka mbele ya mahakimu lilikuwa la aina moja: kuuza kwa umma bila kupeleka karatasi mahali panapotakiwa.

Florida ni ulimi wa nchi uliojitokeza baharini kusini mashariki mwa Marekani. Majira ya baridi, wakati miji ya kaskazini imefunikwa na theluji, huko jua linawaka. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wamarekani wengi walikuwa na fedha mkononi, motokaa zilikuwa zimeshuka bei, na barabara na reli zilikuwa zimefika hadi Miami. Watu wakaanza kumiminika. Wapo waliokwenda kupumzika na waliokwenda kuhamia, lakini kadiri siku zilivyopita walizidi wale waliokwenda kununua kiwanja ili wakiuze kesho yake kwa bei kubwa zaidi.

Kufikia mwaka 1925 nchi ilikuwa imepandwa na wazimu wa viwanja. Tarehe 26 Julai mwaka huo gazeti moja la Miami lilitoa toleo lenye kurasa 504, na sehemu kubwa yake ilikuwa matangazo ya ardhi. Katika mji mpya wa Coral Gables, wenye miradi walimwajiri William Jennings Bryan, mwanasiasa aliyegombea urais wa Marekani mara tatu, awahutubie watu juu ya uzuri wa Florida ili wavutike kununua. Barabara za Miami zilijaa wauzaji hata serikali ya mji ikabidi itunge sheria ndogo ya kukataza kuuza viwanja njiani, na hata kufunua ramani barabarani, kwa sababu watu walikuwa hawapati pa kupita.

Sasa, ndugu wasikilizaji, tuangalie jinsi biashara yenyewe ilivyokwenda, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Mnunuzi hakulipa bei yote. Alitoa kiasi kidogo, kwa kawaida sehemu moja ya kumi, akapewa stakabadhi. Sisi Waswahili tunayo maneno ya malipo ya namna hiyo: wengine husema arbuni, wengine husema kishika. Kama vile kishika uchumba kinavyomfanya binti asiposwe na mwingine, stakabadhi ile ilikifanya kiwanja kisiuzwe kwa mwingine mpaka karatasi za umiliki zikaguliwe. Baada ya siku 30 hivi ndipo fungu kubwa la kwanza la bei lilipotakiwa kulipwa.

Katika siku hizo 30 ndipo mchezo ulipochezwa. Wakazuka vijana waliojulikana kwa jina la stakabadhi hizo, nasi tunaweza kuwaita vijana wa vishika. Kijana wa namna hiyo hakutaka kiwanja. Hakuwa na haja ya kujua kama kipo kilimani au majini. Alitaka karatasi tu. Tuchukue mfano: kiwanja kinauzwa dola 10,000. Kijana anatoa kishika cha dola 1,000, na juma lile lile anaiuza stakabadhi kwa dola 1,500. Aliyeinunua anaiuza kwa 2,000, na wa tatu anaiuza kwa 3,000. Kabla ya mwezi kwisha karatasi moja imepita mikono mitano au sita, na kila mkono umechukua chake.

Angalia vizuri jambo hili. Katika ofisi ya serikali inayoandikisha ardhi, hakuna hata mmoja kati ya watu hao wa katikati aliyeandikwa. Daftari lilimjua mwenye ardhi wa kwanza, na lingekuja kumjua mnunuzi wa mwisho, iwapo angeweza kulipa. Katikati palikuwa na giza. Mtu wa mwisho alipofika kudai kiwanja chake akaambiwa kwamba mpaka una kasoro, au kwamba ardhi imefunikwa na maji, amrudie nani? Aliyemuuzia alimkuta kwenye ukumbi wa hoteli, na sasa hoteli ile ina wageni wengine.

Kumtaka dalali wa ardhi awe na leseni lilikuwa bado ni jambo geni Marekani siku hizo. California ilitunga sheria yake mwaka 1917, mahakama ikaibatilisha, na ikabidi itungwe upya mwaka 1919. Majimbo mengine yakawa yanafuata moja baada ya jingine. Lakini sheria changa haiwezi kushindana na watu wanaouza na kununua mchana na usiku, hasa pale ambapo mnunuzi mwenyewe haoni haja ya kuuliza.

Katika soko la namna hii aliingia, Septemba 1925, mtu mfupi, mchangamfu, mwenye maneno matamu, aliyeitwa Charles Ponzi.

Jina hilo limekuwa maarufu dunia nzima. Ponzi alizaliwa Italia mwaka 1882 na kufika Marekani mwaka 1903. Mwaka 1920 katika mji wa Boston aliahidi kuwapa watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akidai kwamba anafanya biashara ya kuponi za posta. Biashara yenyewe haikuwapo. Waliotangulia walilipwa kwa fedha za waliofuata. Gazeti la Boston Post lilichunguza na kumfichua, na kwa kazi hiyo likapata tuzo ya Pulitzer mwaka 1921. Mamilioni ya dola yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa. Waliompa fedha zao, wengi wao wakiwa wafanyakazi na wahamiaji, walirudishiwa takriban senti 37 kwa kila dola. Ponzi alitumikia kifungo cha serikali kuu, akatoka mwaka 1924, kisha akahukumiwa tena na jimbo la Massachusetts. Akakata rufani, akapewa dhamana, na akiwa nje kwa dhamana hiyo ndipo aliposhika njia ya Florida.

Huko akafungua kampuni katika mji wa Jacksonville, akaiita Charpon, yaani herufi za mwanzo za majina yake mawili zimeunganishwa. Safari hii hakuzungumza juu ya kuponi za posta. Alizungumza juu ya ardhi. Alitangaza viwanja vilivyo karibu na Jacksonville. Ukweli ni kwamba vilikuwa umbali wa maili 65 hivi magharibi ya mji huo, ekari moja imekatwa vipande 23, na sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa kinamasi. Aliwauzia watu hati za dola 310 kila moja, akaahidi kuwapa faida ya asilimia 200 katika siku 60. Maana yake ni kwamba anayetoa dola 100 leo, baada ya miezi miwili arudishiwe 300.

Hebu fikiri wewe ni mwendesha mashitaka wa Florida. Unajua huyu ni nani. Lakini ukitaka kumtia hatiani kwa wizi, itakubidi uthibitishe kwamba alikusudia kuiba. Yeye atasimama na kusema kwamba ardhi ipo, na kweli ipo. Atasema bei zinapanda, na kweli zilikuwa zikipanda. Atasema siku 60 hazijafika, kwa hiyo hakuna aliyedhulumiwa. Ukisubiri mpaka siku zifike, fedha zitakuwa zimekwenda zilikokwenda za Boston.

Basi waendesha mashitaka wakashika njia nyingine. Februari 1926 Ponzi alishitakiwa kwa kuvunja sheria za jimbo juu ya amana na hati za fedha. Makosa yenyewe ukiyasoma utadhani ni madogo sana: kwamba alitoa hati za deni kwa umma bila kibali, kwamba hakupeleka serikalini tamko la kuundwa kwa amana yake, na kwamba aliuza hati kabla ya kulipeleka. Hakuna neno kinamasi hapo. Aprili mwaka huo alitiwa hatiani, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja.

Akakata rufani tena, akapewa dhamana ya dola 1,500, akatoroka. Alinyoa kichwa, akafuga masharubu, akapanda meli ya mizigo iliyokuwa ikienda Italia akijifanya baharia. Meli ilipotia nanga New Orleans akakamatwa. Alirudishwa Massachusetts kutumikia kifungo chake, na mwaka 1934 akafukuzwa nchini. Alikufa Januari 1949 huko Rio de Janeiro, katika hospitali ya maskini.

Ndugu wasikilizaji, funzo la kesi hii ni kubwa kuliko linavyoonekana. Tumezoea kudhani kwamba sheria humkamata mwizi kwa wizi wake. Mara nyingi katika biashara ya ardhi wizi huthibitika baada ya fedha kwisha, na hapo hukumu humfurahisha hakimu tu, maana mnunuzi harudishiwi kitu. Sheria ya kibali inakuja mapema zaidi. Haimuulizi muuzaji kama moyo wake ni safi. Inamuuliza: umeandikisha? Umeeleza nani ni mwenye mali, fedha za watu zitakwenda wapi, na ardhi ipo wapi? Kama hujaeleza, umekosa, hata kabla ya mtu mmoja kulia.

Sheria za namna hii zilianzia Kansas, jimbo la wakulima katikati ya Marekani, mwaka 1911. Wakulima wa huko walikuwa wakifuatwa majumbani na wachuuzi wa hati za migodi na mashamba ya kubuni. Jimbo likaamua kwamba kabla mtu hajawauzia wananchi hati za uwekezaji ni lazima kwanza apate ruhusa. Watu wakaziita sheria za anga la buluu, kwa mzaha kwamba wachuuzi wale waliweza kumuuzia mtu hata kipande cha anga. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikazikubali. Kwa hiyo Ponzi alipofika Florida, jambo hilo lilikuwa limekwisha kuamuliwa katika nchi nzima.

Na Florida yenyewe ilikuwaje? Mwaka 1925 makampuni ya reli yalilemewa yakakataa kubeba mizigo isiyo ya lazima, na vifaa vya ujenzi vikaadimika. Januari 1926 meli kubwa ilipinduka ikaziba mlango wa bandari ya Miami. Wanunuzi wapya wakapungua, na biashara inayotegemea mnunuzi mpya kila siku haiwezi kuvumilia hata mwezi mmoja wa ukimya. Wenye stakabadhi wakashindwa kulipa fungu la kwanza, wakazirudisha kwa waliowauzia, nao wakazirudisha nyuma zaidi. Kisha tarehe 18 Septemba 1926 kimbunga kikali kikaipiga Miami, mamia ya watu wakafa na maelfu wakakosa makazi. Mwaka 1925 hundi zilizopita katika mabenki ya Miami zilifikia thamani ya dola 1,066,528,000. Mwaka 1928 zilikuwa dola 143,364,000 tu.

Hapa msikilizaji makini anaweza kunikatiza. Atasema: haya ni mambo ya matapeli. Mtu mwaminifu, mwenye ardhi ya kweli, ana haja gani na vibali? Swali ni zuri, na jibu lake limo katika kesi ya pili, iliyotokea katika jimbo hilo hilo.

Katika wilaya ya Lake huko Florida palikuwa na kampuni iliyoitwa W. J. Howey. Ilikuwa na mashamba makubwa ya michungwa, na kila mwaka ilipanda ekari 500 hivi. Nusu ilibaki nayo, nusu iliiuza kwa watu. Michungwa ilikuwapo, ilizaa, na machungwa yaliuzwa. Wanunuzi wengi walikuwa wageni kutoka majimbo mengine, wafanyabiashara na wataalamu wasiojua kilimo, waliofikia katika hoteli ya hapo na kuonyeshwa mashamba. Mtu alinunua kipande kidogo, kwa wastani ekari 1.33, akapewa hati yake halali.

Lakini mtu aishiye maelfu ya maili atalimaje ekari moja ya michungwa? Kwa hiyo pamoja na hati, mnunuzi alishauriwa kutia sahihi mkataba na kampuni nyingine iliyo ndugu ya ile ya kwanza. Kampuni hiyo ililima, ikachuma, ikauza, na kugawa faida. Mkataba ulikuwa wa miaka kumi, na mnunuzi hakuwa na uwezo wa kuuvunja. Bila ruhusa ya kampuni hakuweza hata kuingia shambani kuchuma na kuuza machungwa yake mwenyewe. Asilimia 85 ya ekari zilizouzwa katika miaka mitatu iliyoishia Mei 1943 zilikuwa chini ya mikataba hiyo.

Tume ya serikali kuu inayosimamia hati za fedha ikaenda mahakamani kuizuia kampuni hiyo. Sheria ya mwaka 1933, iliyotungwa baada ya soko la hisa la New York kuanguka, ilitaka kila anayeuza uwekezaji kwa umma auandikishe kwanza na kueleza habari zake. Howey hawakuandikisha. Walijitetea kwamba wanauza ardhi, na ardhi si hisa. Wakashinda katika mahakama mbili za chini. Lakini tarehe 27 Mei 1946 Mahakama Kuu ya Marekani iliwapa tume haki.

Jaji Frank Murphy, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba tusitazame jina la karatasi, tutazame kinachotendeka. Iwapo mtu anatoa fedha zake katika shughuli ya pamoja, akitarajia faida itakayotokana na juhudi za wengine, huo ni uwekezaji unaopaswa kuandikishwa, hata kama amepewa hati ya ardhi. Tena akasema kwamba haidhuru kama shughuli hiyo ni ya kubahatisha au la, na kama mali ina thamani au haina. Maneno hayo bado yanatumika katika mahakama za Marekani mpaka leo.

Naam, hapo ndipo kesi hizi mbili zinapokutana. Sheria haikusema kwamba Howey ni wezi. Ilisema kwamba mnunuzi alikuwa na haki ya kuona hesabu kabla ya kutoa fedha. Ni nani atakayemiliki mazao? Gharama za kulima ni kiasi gani? Kampuni ikifilisika itakuwaje? Aliyenunua kwa kutembezwa shambani aliona majani mabichi na maua meupe, lakini hesabu hakuiona. Michungwa mizuri haimwambii mtu lolote juu ya mkataba.

Kwa muuzaji mwaminifu nako kuna hatari yake. Chini ya sheria ile ya 1933, aliyenunua uwekezaji usioandikishwa anaweza, katika muda uliowekwa, kuurudisha na kudai fedha zake pamoja na riba. Na katika majimbo mengi ya Marekani, dalali asiye na leseni hata akimaliza kazi yake vizuri, mwenye nyumba akikataa kumlipa ujira, mahakama haimsikilizi. Amefanya kazi ambayo sheria haiitambui. Kwa hiyo kutokuwa na leseni kunamdhuru mnunuzi na dalali pia.

Hata hivyo tusiiabudu leseni. Mwaka huo huo wa 1926 makumi ya mabenki ya Florida na Georgia yalifunga milango, na hayo yalikuwa na leseni zote. Leseni haigeuzi kinamasi kuwa kiwanja, wala haimgeuzi mlafi kuwa mcha Mungu. Inachofanya ni jambo dogo lakini la lazima: inamfanya muuzaji awe na jina, anwani na msimamizi. Mambo yakiharibika unajua mlango wa kugonga. Bila hiyo unabaki kuuliza katika hoteli ambako wageni wamebadilika.

Na wala tusidhani vijana wa vishika walikwisha pamoja na Florida ya 1925. Katika miaka ya karibuni biashara yao imefufuka Marekani. Mtu anaandikiana mkataba na mwenye nyumba, mara nyingi mzee au mtu mwenye madeni, kwamba atainunua kwa bei ndogo. Hana nia ya kuinunua. Anautembeza mkataba ule na kuuuza kwa mwingine kwa bei kubwa, na tofauti anatia mfukoni. Ukimuuliza leseni ya udalali, anajibu kwamba yeye si dalali, anauza haki yake mwenyewe. Jimbo la Illinois lilibadili sheria mwaka 2019 ili anayefanya hivyo zaidi ya mara moja katika miezi 12 awe na leseni. Oklahoma nayo ilitunga sheria yake mwaka 2021. Ni miaka mia moja karibu, na swali ni lile lile: huyu wa katikati ni nani, na ameandikwa wapi?

Huku kwetu Afrika Mashariki misingi hii si migeni. Kenya ilitunga mwaka 1984 sheria inayomkataza mtu kufanya kazi ya wakala wa ardhi na majumba kama hajaandikishwa na bodi inayohusika. Tanzania ilitunga mwaka 1994 sheria ya masoko ya mitaji, inayowasimamia wanaokusanya fedha za umma kwa uwekezaji. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema wazi kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais akiwa mdhamini. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia, na haki hiyo ina daftari lake. Sheria zipo. Kinachopungua mara nyingi ni mnunuzi mwenye subira ya kwenda kulifungua daftari.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, mtu akikujia na habari za kiwanja, shamba la pamoja, au nyumba ambazo hazijajengwa, msikilize kwa heshima kisha umuulize maswali manne. La kwanza: wewe ni mwenye mali, ni wakala, au umenunua karatasi ya mtu? La pili: kama ni wakala, umeandikishwa na nani, na mimi nikienda huko nitalikuta jina lako? La tatu: kama unaniahidi faida kwa kazi itakayofanywa na wengine, nani amekupa kibali cha kukusanya fedha zetu? La nne: jina la mwenye ardhi katika daftari la serikali ni lipi leo, si mwaka jana?

Maswali haya hayamtukani mtu. Muuzaji wa kweli atayajibu na pengine atakuonyesha karatasi kabla hujamaliza kuuliza. Anayekasirika, anayekuharakisha, anayesema kuna mwingine anakuja na fedha saa nane mchana, huyo amekwisha kujibu. Mwache auze kwa huyo wa saa nane.

Tena usiende peke yako. Nenda na mtu mzima wa familia, nenda na mwanasheria ukiweza, na fedha yoyote utakayotoa, hata ikiwa ni kishika tu, iandikiwe stakabadhi yenye jina kamili la aliyeipokea na mahali anapopatikana. Ukifika kwenye kiwanja, waulize majirani. Jirani hana cha kuuza, na mara nyingi anajua mvua za masika maji hufika wapi.

Wale walionunua hati za Ponzi hawakuwa wajinga. Walikuwa watu wa kazi waliotaka watoto wao wakae mahali pazuri. Waliona ramani, waliona matangazo, waliona wenzao wakitajirika. Daftari tu ndilo hawakuliona, kwa kuwa hawakuomba kulionyeshwa. Serikali ya Florida ndiyo iliyolitazama kwa niaba yao, ikakuta ukurasa mtupu, na ukurasa huo mtupu ukatosha kumtia hatiani mtu aliyekuwa amewashinda wengi kwa maneno.

Mali bila daftari huisha bila habari. Kabla hujafungua mfuko, fungua daftari. Nawatakia juma jema.